Injini ya Pili kwa Pikapu ya Zamani: Fuata Namba, Lipa kwa Hatua

Garissa pikapu haipumziki. Asubuhi inapeleka mbuzi sokoni, mchana inabeba maji na simiti, jioni inarudi bulla na watu juu ya magunia. Siku injini inanoki, haisimami gari pekee. Inasimama karo ya watoto, linakua deni la duka, na wateja wanatafuta mwenye gari nyingine.

Mara nyingi gari yenyewe bado iko sawa. Chesi ni imara, gia zinaingia poa, bodi haijaliwa na kutu. Kununua pikapu nyingine ni mzigo mkubwa, na tena Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba yenye zaidi ya miaka minane. Ile Hilux ya zamani ya dizeli, isiyo na kompyuta, ambayo fundi yeyote kutoka Modogashe hadi Dadaab anaielewa, huwezi kuiagiza tena. Njia iliyobaki ni kuibadilishia moyo.

Shida ni kwamba moyo huo kwa kawaida uko Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka hapa, na pesa inafika huko kwa sekunde chache kuliko injini itakavyofika kwako. Makala hii inakuonyesha jinsi ya kutumia simu yako ili pesa isitangulie kazi. Kanuni ni moja: kila malipo yafuate kitu ambacho wewe ama mtu wako amekiona kwa macho. Na kitu cha kwanza cha kuonwa ni namba ya injini.

Kwanza jua kilichoua ile ya zamani

Kabla ya kupiga simu Nairobi, muulize fundi wako swali moja: hii injini ilikufa na nini? Ukifunga nyingine bila jibu, utarudi gereji na shida ile ile.

Huku kwetu washukiwa ni wanne:

- Joto. Redieta ikiwa imejaa kutu na vumbi, injini inachemka ukiwa umebeba mzigo. Injini za dizeli za Toyota za familia ya L zinajulikana hedi kupasuka zikichemka. Redieta ya zamani ikibaki chafu, injini utakayoleta itachemka vile vile.
- Vumbi. Eya klina iliyotoboka ama bomba lake lililolegea linapitisha mchanga hadi kwenye silinda. Ringi zinalika, injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.
- Mafuta machafu. Dizeli ya jerikeni kando ya barabara inaweza kuwa na maji ama mafuta taa. Uchanganyaji ulikuwa mkubwa hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuzuia. Pampu na noseli hutegemea dizeli kuzilainisha, na mafuta taa hayafanyi kazi hiyo vizuri.
- Oili. Iliisha, ilizeeka, ama ilikuwa feki.

Ukishajua sababu, iweke kwenye bajeti. Kama ni redieta, pesa ya redieta ni sehemu ya bei ya injini.

Ovaholi ama injini ya mtumba?

Ovaholi maana yake ni kufungua injini yako na kubadilisha vilivyolika: ringi, beringi, gasketi, pengine pistoni na slivu. Faida yake ni kwamba bloku inabaki ile ile, namba inabaki ile ile, na hakuna karatasi za kubadilisha. Inafaa kama bloku na krenki bado ni nzima na una fundi mzuri wa mashine.

Injini ya mtumba, ile tunayoita ex-Japan, imetolewa kwa gari iliyotumika nje. Nyingine hupitia Dubai na Sharjah kabla ya kufika Mombasa. Kuifunga huchukua muda mfupi kuliko ovaholi, lakini hujui imetumikaje. Inafaa kama bloku yako imepasuka ama krenki imekatika.

Ukichagua ex-Japan, chagua inayoingia bila vita. Hilux nyingi za dizeli za miaka ya 1990 hadi mwanzo wa 2000 zina injini ya 2L (lita 2.4), 3L (lita 2.8) ama 5L (lita 3.0). Hizi ni ndugu, na fundi anaweza kutoa 3L na kuweka 5L bila kukata chuma kingi. Land Cruiser pikapu nyingi za huku zina 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Zote hizi zina pampu ya mafuta ya kawaida isiyotegemea kompyuta.

Ukishawishiwa kuweka injini ya D-4D kwenye Hilux ya zamani kwa sababu ina nguvu, uliza kwanza: kompyuta yake iko? Wayaringi yake iko? Nani Garissa ataisoma ikiwasha taa? Bila majibu, hiyo bei nzuri itakugharimu.

Namba ndiyo kitambulisho

Wafanyabiashara wengi huulizia injini Barabara ya Kirinyaga, pale Grogan, ama kupitia jamaa aliye Eastleigh. Baada ya picha mbili kwa WhatsApp, ujumbe unakuja: "Abti, mzigo uko tayari. Tuma deposit saa hii, kuna mtu wa Wajir anaitaka."

Pumua kidogo. Pengine muuzaji ni mwaminifu na kweli kuna mtu wa Wajir. Lakini picha ya injini inaweza kuwa ya mtu mwingine, duka lingine, mwaka mwingine. Kitu ambacho hakiwezi kuwa cha injini mbili ni namba. Huwa imechongwa kwenye bloku yenyewe, na kwa Toyota huanza na aina ya injini: 3L, 5L, 1HZ na kadhalika. Stika si namba. Alama ya rangi si namba.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, omba mambo matatu:

1. Video moja isiyokatwa, inayoanza kwenye bango la duka, inaingia ndani hadi kwa injini, na kuishia karibu kabisa na namba iliyochongwa. Aseme tarehe ya leo kwenye video.
2. Namba ya tili ama Paybill ya biashara. Ukiweka namba hiyo, simu inakuonyesha jina kabla ama baada ya kulipa. Jina liwe lile lililo kwenye bango na kwenye risiti. Ukiambiwa "tili ina shida, tuma kwa hii ya shemeji," simama hapo.
3. Ujumbe wa makubaliano. Si lazima wakili. Andika kwa WhatsApp ama SMS: aina ya injini, namba, bei, ni nini kinakuja nayo (pampu, alteneta, starta, manifoldi), siku za kujaribu, na nani analipa usafiri ikirudishwa. Muuzaji ajibu "nimekubali".

Namba ikionekana imesagwa, imepigwa upya ama imepakwa rangi, achana nayo hata kama bei ni tamu. Injini ya gari iliyoibwa ikipatikana kwako, wewe ndiwe utakayejieleza kwa polisi.

Mpango wa malipo

Tuseme mmekubaliana Sh200,000. Hii ni hesabu ya mfano tu, bei halisi itategemea aina na soko la siku hiyo. Huna haja ya kutuma zote mara moja, ingawa M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Kikomo kikubwa kimewekwa kukurahisishia kazi, hakikuambii utume zote.

Gawa hivi:

- Hatua ya 1: Sh20,000. Baada ya video, namba na ujumbe wa makubaliano. Hii inashikilia mzigo.
- Hatua ya 2: Sh130,000. Baada ya mtu wako kufika dukani, kuikagua injini, kulinganisha namba na ile ya video, na kuiona ikipakiwa.
- Hatua ya 3: Sh50,000. Baada ya injini kufungwa na kuwaka.

Wauzaji wengine watakataa kuacha salio mpaka injini iwake. Hapo omba angalau salio libaki mpaka mzigo ufike Garissa na namba ithibitishwe. Muuzaji anayekataa hatua zote na anataka pesa yote kabla hujaona chochote, ashakupa jibu.

Mtu wako dukani aangalie nini? Azungushe krenki kwa spana: izunguke bila kukwama. Afungue kifuniko cha oili: oili nyeupe kama maziwa ni dalili ya maji ndani. Aangalie sampu kama ina vumbi la chuma. Kama injini inaweza kuwashwa dukani, afungue kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: upepo mwingi wa moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Akiweza kupima kompresheni, silinda zote zikaribiane. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hiyo ni shida.

Ada ya kulipa mara tatu inaweza kuzidi kidogo ile ya kulipa mara moja. Ni pesa ndogo sana mbele ya Sh200,000 iliyopotea.

Kuhusu usafiri: malori yanayopeleka mifugo Nairobi mara nyingi hurudi na bidhaa, na injini inaweza kupata nafasi humo. Andikeni ni nani anabeba hasara ikianguka ama ikichelewa. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara pale Mororo, mizigo ikakwama ng'ambo. Msimu wa mvua, usimlipe dereva yote kabla hajafika.

Pesa itoke wapi?

Wengi hukusanya kupitia ayuuto. Ni njia nzuri, kwa sababu haina riba na watu wanakujua. Ushauri wetu: subiri zamu yako ifike kabla ya kuweka deposit. Deposit ya haraka halafu salio la kusubiri miezi miwili ndiyo huleta ugomvi na muuzaji.

Mikopo ya simu yenye ada ya kila siku, wengi huku hawaigusi kwa sababu ya dini. Hata ukiitazama kwa hesabu peke yake, ni ya kuziba pengo la siku chache. Injini hurudisha pesa kwa miezi, na ada ya kila siku haingoji miezi.

Kisha tenga akiba. Usimalize pesa yote kwa injini. Ikiwa bado iko chini, badilisha taimingi belti, oili sili ya nyuma, themostati, mipira ya maji na filta zote. Angalia klachi na maunti. Sili ya nyuma ikivuja baada ya kufunga, fundi ataishusha gia boksi upya na utalipa kazi mara mbili.

Siku ya kufunga

Fundi naye alipwe kwa hatua. Patana bei ya kazi yote, si bei ya siku. Sehemu moja akianza, nyingine injini ikiwaka, ya mwisho baada ya siku tatu za kazi ya kawaida. Pesa ndogo ndogo za "nitumie mia tano ya bolti" zitumie kwa tili ya duka la spea moja kwa moja, si kwa fundi. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni ili mwisho wa wiki ujue bolti zilikula ngapi.

Simama karibu wakati wa kuwasha mara ya kwanza. Redieta ijazwe na hewa itolewe. Mfumo wa dizeli utolewe hewa. Starta izungushwe kwanza bila injini kushika mpaka taa ya oili izime, ndipo iwashwe. Ikishawaka, iachwe ipate moto huku mkiangalia uvujaji na geji ya joto. Siku za kwanza usibebe mzigo mzito, na oili ya kwanza imwage mapema, kama baada ya kilomita 1,000.

Ndani ya siku za kujaribu, ifanyie kazi ya kweli: jua la saa saba, mzigo wa wastani, barabara ya mchanga. Injini inayopoa vizuri saa mbili usiku inaweza kuchemka mchana. Ukiona shida, piga video na uandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Usingoje siku za kujaribu ziishe.

Namba mpya iingie kwenye logibuku

Hapa ndipo wengi huachia njiani. Injini imewaka, pesa imeisha, karatasi zinasahaulika. Lakini logibuku yako bado ina namba ya injini ya zamani, na barabara ya kwenda Nairobi ina vizuizi vingi vya polisi. Afisa akifungua boneti na namba zisipolingana, gari inaweza kuzuiliwa mpaka ujieleze. Ukitaka kuuza, mnunuzi akitafuta rekodi za gari ataona namba tofauti na kushuka bei, ama kuondoka.

Maombi ya kubadilisha maelezo ya gari hufanywa NTSA kupitia eCitizen, na gari hukaguliwa. Utahitaji ushahidi kwamba injini ni yako, kwa hivyo risiti ya muuzaji ni muhimu. Dai risiti ya eTIMS yenye namba ya injini. Kama umetoka 3L ukaenda 5L, ukubwa wa injini nao umebadilika na lazima urekebishwe. Waarifu pia watu wa bima.

Malipo ya serikali kupitia eCitizen huenda Paybill 222222. Mtu akikuambia "nitumie kwa namba yangu nikusukumie NTSA," hiyo pesa haiendi serikalini.

Na ile injini ya zamani? Usiitupe wala kuiuza kabla logibuku haijabadilishwa, kwa sababu namba yake bado inakuhusu. Ukiiuza kama chuma chakavu, sheria ya mwaka 2015 inataka mnunuzi awe na leseni. Andikeni namba, tarehe na jina lake. Na kabla ya kumpa, angalia salio lako. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kughushiwa, lakini salio lako haliwezi.

Ikienda vibaya

Elewa jambo hili mapema. Kurudishiwa muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa namba isiyofaa: ulikosea tarakimu moja. Omba mara moja kabla mpokeaji hajaitoa. Lakini pesa uliyomlipa muuzaji kwa hiari yako, kisha injini ikawa mbovu, sisi hatuwezi kuirudisha kwa kubonyeza kitufe. Huo ni mgogoro wa biashara.

Mgogoro huo una njia zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaofaa. Angalia kipengele kimoja: kama uliikagua injini kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuziona ni juu yako. Ndiyo maana mtu wako wa Nairobi awe fundi, si binamu asiyejua injini. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi Sh1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Ukiwa umetapeliwa kabisa, muuzaji amezima simu na duka halipo, ripoti kwa mtoa huduma wako wa pesa mara moja, kisha polisi, na uchukue namba ya OB. Kote huko utaulizwa ushahidi, na tayari utakuwa nao: taarifa ya miamala yenye majina na tarehe, video yenye namba, ujumbe wa "nimekubali", na risiti. Vihifadhi pamoja, na nakala moja iwe kwenye simu ya mtu unayemwamini.

Kabla ya kubonyeza tuma leo, jiulize maswali matatu: nimeona namba? Jina la tili ni la duka? Malipo haya yanafuata kitu gani nilichokiona? Ukikosa jibu la moja, weka simu mfukoni kwanza. Injini nyingine zipo.

Una jamaa ambaye pikapu yake iko juu ya mawe saa hii? Mtumie makala hii kabla hajatuma deposit.